Je, wajua kwa nini mafuta yakipigwa mionzi hutoa gesi na utomvu mzito kwa wakati mmoja?

Chukua heksani, kimiminika chepesi cha jamii ya mafuta kisicho na rangi, jaza nusu ya chupa ndogo ya kioo, izibe vizuri, kisha iweke karibu na kobalti-60, chanzo kilekile cha mionzi kilichotumika miaka mingi kutibu saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam. Hakuna moto wala cheche. Hata hivyo, dozi ikiwa kubwa vya kutosha, presha ndani ya chupa hupanda kwa sababu ya haidrojeni iliyozaliwa humo, na ndani ya kimiminika mnakuwa na molekuli nzito kuliko zile za mwanzo.

Kifungo kinachoshika kaboni na haidrojeni hukatwa na nishati ya elektrovolti (kipimo kidogo mno cha nishati) 4 hivi. Mwali mmoja wa gama wa kobalti-60 una zaidi ya milioni moja. Lakini mwali wenyewe haufanyi kazi kubwa ya kukata. Huing'oa elektroni moja kwa nguvu, na elektroni hiyo ndiyo inayopita ikiparamia maelfu ya molekuli, ikizinyang'anya elektroni zao au kuzisisimua. Ndiyo maana mionzi ya aina hii huitwa mionzi ayonisha.

Molekuli iliyosisimka hivyo hukatika, aghalabu kwa kuachia atomi ya haidrojeni. Vipande vinavyobaki ni radikali huru, vyenye elektroni isiyo na mwenza, na havitulii hata kidogo. Atomi ya haidrojeni huipora molekuli jirani haidrojeni nyingine, na hapo gesi imezaliwa. Mabaki mawili ya heksani, kila moja na kaboni 6, yakikutana huungana kuwa molekuli moja ya kaboni 12. Hapa ndipo watu wengi hukosea: mionzi haivunji tu, inaunga pia. Endelea kuipiga na minyororo hurefuka, mafuta yanakuwa mazito.

Hali ya kitu nayo ina uzito wake. Katika kimiminika, vipande viwili vilivyotengana vimebanwa na majirani kama abiria wa daladala saa ya jioni. Mara nyingi vinarudiana palepale, na nishati ya ziada huchukuliwa na waliowazunguka. Katika gesi nafasi ipo, vipande hutawanyika, na molekuli iliyojaa nishati hukatikakatika zaidi kabla ya kugusana na nyingine. Asetilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ni kioja zaidi: ikipigwa mionzi ya radoni, gesi yenye mionzi, hugeuka unga wa manjano.

Si haidrokaboni zote, yaani vitu vya kaboni na haidrojeni kama heksani, zinazodhurika sawa. Kwa kila elektrovolti 100 zinazomezwa, saikloheksani hutoa molekuli 5 hadi 6 za haidrojeni, ilhali benzeni hutoa kama 0.04 tu. Tofauti ni zaidi ya mara 100! Elektroni za pete ya benzeni zimeenea pete nzima, kwa hiyo nishati husambaa na kuishia kuwa joto kabla kifungo hakijakatika.

Wahandisi wa Marekani waliutegemea ustahimilivu huo. Mji wa Piqua, Ohio, uliendesha kinu cha nyuklia cha takriban megawati 11 za umeme kuanzia 1963, kikipozwa na terfenili, yaani pete tatu za benzeni zilizoungana. Wazo lilikuwa zuri kwelikweli: terfenili haichemki upesi, kwa hiyo haihitaji mabomba mazito ya kuhimili presha kama maji, wala haili chuma. Ila ndani ya kinu mionzi ni mikali mno, na joto juu yake. Sehemu ya mafuta ilizidi kuwa nzito, ikabidi yachujwe kwa kukenekwa na kuongezwa mapya, na masizi ya kaboni yakaganda katikati ya kinu. Mwaka 1966 kilizimwa, hakikuwashwa tena.

Kanada ilifanikiwa zaidi. Kinu cha WR-1, huko Whiteshell, Manitoba, kilipozwa na mafuta ya jamii hiyohiyo kuanzia 1965 hadi 1985, kwa sababu mafundi wake waliyatunza mafuta hayo kwa kuyasafisha na kudhibiti uchafu wake muda wote yalipokuwa yakizunguka.