Wati si sauti: dhana potofu kuhusu kubadilisha spika ya ampu ya gitaa

Spika ya ampu ya gitaa haifi siku ya mazoezi. Hufa bendi ikiwa na harusi Jumamosi: mpiga solo anasikia nyuzi nene zinakwaruza, anasukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole, na koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inasikika ikisugua kwenye sumaku. Hapo kila mtu anageuka mshauri. Chukua ya wati nyingi. Chukua ya gari, ni ngumu. Spika ni spika bwana, funga tupige kazi. Mengi ya hayo si kweli, na baadhi yanaweza kuua hata ampu yenyewe.

"Wati nyingi ndiyo sauti kubwa"

Huyu ndiye mama wa dhana zote. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika hazisemi italia kwa nguvu kiasi gani. Zinasema koili inavumilia joto kiasi gani kabla ya kuungua. Ni kama tani zilizoandikwa kwenye tela: hazimwongezei dereva nguvu ya injini.

Kinachoamua ukubwa wa sauti ni unyeti, yaani desibeli zinazotoka spika ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Chukua spika mbili za inchi 12 za Celestion ya Uingereza. G12T-75 inabeba wati 75 na unyeti wake ni desibeli 97. Alnico Blue inabeba wati 15 tu, lakini unyeti wake ni 100. Zifunge kwa zamu kwenye ampu ndogo ya wati 5, na ile ya wati 15 itaipita ya wati 75. Desibeli 3 hizo ni sawa na kuiacha G12T-75 mahali pake na kununua ampu ya wati 10.

Hata hivyo, kuzidisha wati za ampu mara mbili hakufanyi sikio lisikie sauti mara mbili. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili ya ile" unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana ampu ya wati 50 na ya wati 100 zikisimama jukwaa moja hazipishani sana, hata kama bei zake zinapishana sana.

Na ukiona spika ya dukani imebandikwa "PMPO 3000W", isome kama pambo. Namba hiyo haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila mtengenezaji hujiandikia anavyotaka. Uliza wati za kawaida, zile za RMS, yaani inazobeba mfululizo. Muuzaji asipozijua, endelea na safari.

"Ampu ya wati 30, spika ya wati 30, mambo safi"

Hapa watu hukosea kwa upande wa pili. Wati 30 za ampu ya valvu, ile ya taa za kioo ndani badala ya transista, hupimwa sauti ikiwa bado safi. Ukiifungulia hadi sauti ipasuke na kukwaruza kama ya roki, inaweza kutoa karibu maradufu. Ampu ya Vox AC30 ya asili, ya wati 30, ina Alnico Blue mbili za wati 15, jumla 30 kwa 30, na spika hizo huishi ukingoni. Kwa spika moja ndani ya ampu, mimi hushauri inayobeba angalau mara moja na nusu ya wati za ampu. Mara mbili kama mpigaji anapenda kukwaruza.

Wapo wanaosema kukwaruza kwenyewe ndiko kunakoua spika. Sivyo. Spika za gitaa zimelishwa sauti ya kukwaruza tangu miaka ya 1950. Kinachoua ni joto, au karatasi kusukumwa kupita mwendo wake. Ampu ya wati 15 ikikwaruza usiku kucha kwenye spika ya wati 100 haitaiunguza.

Ukichanganya spika mbili zenye omu sawa (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), moja ya wati 25 na nyingine ya 60, usijumlishe ukapata 85. Umeme hugawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo ile dhaifu ikifika 25 na mwenzake yuko 25. Boksi lako ni la wati 50.

"Ya gari itafaa"

Wuufa ya gari, yaani spika yake ya besi, ina karatasi nzito na sumaku kubwa, kwa hiyo inaonekana imara. Lakini imetengenezwa kwa besi ya chini kabisa, na uzi mnene wa gitaa huanzia hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Wuufa nyingi za aina hiyo zina unyeti wa desibeli 90 au chini yake, wakati spika za gitaa nyingi ziko kati ya 97 na 100. Rudi kwenye hesabu ya juu: umepoteza karibu nusu ya sauti inayosikika, na sauti yenyewe imezibwa, haina ncha. Zaidi ya hapo, nyingi ni za omu 4, jambo tutakalolifikia sasa hivi.

Spika ya muziki mkubwa, ile ya ukumbini, yenye twita (spika ndogo ya sauti kali) ina tatizo la kinyume. Spika ya gitaa hukata sauti kali kuanzia hezi 5,000 hivi, na karatasi yake nyepesi hujikunja kidogo inapotikiswa. Hiyo si kasoro, ni sehemu ya chombo. Twita ikiachiwa kutoa kila kitu, gitaa la kukwaruza linageuka kelele inayochoma masikio. Ila kama unatumia pedali ya kidijitali ambayo tayari inaigiza spika, hapo spika ya muziki mkubwa ndiyo unayoitaka.

"Omu zozote, ilimradi inalia"

Itaanza kulia, ndiyo. Ampu ya transista iliyoandikwa "omu 8 au zaidi" ukiifungia spika ya omu 4 inavuta mkondo mkubwa, transista zinachemka, na kinachokwenda kwa fundi sasa ni ampu. Ukiifungia ya omu 16 hakuna madhara. Unapoteza karibu nusu ya wati, na nusu hiyo ni zile desibeli 3 tu.

Ampu ya valvu ina tabia nyingine. Ina transfoma ya kutolea sauti inayotaka omu zilizoandikwa pale nyuma, si juu, si chini. Kosa la hatua moja, kama 8 mahali pa 4, zipo zinazolivumilia, lakini usilizoee. Lililo baya zaidi ni kuipiga bila spika kabisa: volti hupanda ndani ya transfoma hadi kuichoma. Kwa ampu ya transista, kutokuwa na spika hakuna shida. Ndiyo sababu fundi aliyezoea redio anaweza kuua ampu ya valvu akijaribu tu kama inawaka.

Sasa mita, kile kifaa cha kupimia omu. Spika ya omu 8 ukiipima haisomi 8. Inasoma 6 na kitu, au 7. Ya omu 16 inasoma 12 au 13, ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, umeme ukienda upande mmoja. Ikilia, spika ile ile hupanda hadi makumi ya omu kwenye hezi fulani na kushuka kwingine. Kwa hiyo fundi akikwambia "hii ni ya omu 6, imechoka", mwambie haijachoka. Mita isiposoma chochote, hapo waya umekatika.

Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 4, kama kwenye ampu ya Fender Twin Reverb. Zikiungwa kwa mfuatano ni 16. Angalia zilivyoungwa kabla hujakata waya wa kwanza, piga picha kwa simu.

"Alnico ndiyo spika, keramiki ni za bei rahisi"

Alnico ni sumaku ya mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na kobalti ina historia inayopita kwetu. Mwaka 1978 mapigano ya mkoa wa Shaba (Katanga ya Kongo) yalipofika Kolwezi, mji wa migodi, bei ya kobalti duniani iliruka, na watengenezaji wa spika, JBL akiwamo, wakahamia sumaku za keramiki. Ila kwenye gitaa keramiki zilikuwepo kabla ya hapo: Greenback ya Celestion, iliyojaa kwenye maboksi ya Marshall mwishoni mwa miaka ya 1960, ni ya keramiki. Sauti ya roki ambayo watu huisifu ilitokea humo. Alnico ina utamu wake ikisukumwa sana, nami naupenda, lakini umbo la karatasi na unene wake huamua mengi zaidi.

"Ikiingia kwenye tundu, kazi imeisha"

Pima kwanza, maana sumaku kubwa inaweza kugonga valvu au transfoma ndani ya ampu fupi. Boksi nalo lina neno: lililo wazi nyuma hupoteza besi na kutawanya sauti jukwaani, lililofungwa huirusha mbele. Spika mpya huwa na ugumu kidogo unaolegea kwa kupigwa, kwa hiyo usiihukumu saa ya kwanza.

Kama zipo mbili na besi imepotea ghafla, usilaumu spika. Gusa nyaya za kila moja kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mara moja tu. Karatasi zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, zinafutana. Badili waya mbili kwenye spika moja, uwashe tena.