Je, wajua kwa nini kifo cha rubani Amy Johnson bado ni kitendawili?

Alasiri ya Jumapili, tarehe 5 Januari 1941, mabaharia wa msafara wa meli za Uingereza uliokuwa ukipita karibu na mji wa Herne Bay, kwenye mlango wa Mto Thames, waliona parachuti ikishuka kutoka mawinguni, na punde ndege ya injini mbili ikatumbukia baharini. Baadhi yao walisikia sauti ya mwanamke akiwahimiza wafanye haraka. Hakuokolewa, wala mwili wake haukuonekana tena. Ilijulikana ni nani kwa sababu mikoba yake iliokotwa ikielea majini, nayo ilikuwa ya Amy Johnson, rubani mwanamke mashuhuri kuliko wote nchini Uingereza wakati huo.

Umashuhuri huo ndio unaolifanya swali liwe gumu. Amy, aliyezaliwa mwaka 1903 katika mji wa Hull na kulelewa na baba mfanyabiashara wa samaki, aliondoka peke yake katika uwanja wa Croydon tarehe 5 Mei 1930 akiwa na ndege ndogo iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, aliyoipa jina Jason kutokana na chapa ya biashara ya baba yake. Kabla ya hapo, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka London hadi Hull. Tarehe 24 Mei alitua Darwin, akawa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, mwendo wa takriban kilomita 18,000. Tena alikuwa na leseni ya ufundi wa ndege, jambo lililokuwa nadra mno kwa mwanamke wa zama zile. Mtu wa namna hiyo alipoteaje katika safari ya saa moja ndani ya nchi yake mwenyewe?

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipoanza alijiunga na ATA (Air Transport Auxiliary), kikosi cha marubani wa kiraia waliokuwa wakizipeleka ndege za kijeshi kutoka viwandani na kwenye karakana hadi kwenye vituo vya jeshi. Siku hiyo alikuwa akipeleka ndege aina ya Airspeed Oxford kutoka Prestwick, Scotland, hadi Kidlington karibu na mji wa Oxford. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imemlazimu kulala Blackpool nyumbani kwa dada yake, na asubuhi ya tarehe 5 akaondoka ingawa mawingu yalikuwa bado mazito. Kutoka Blackpool hadi Kidlington ni kama kilomita 250. Hata hivyo, ilipofika saa tisa na nusu alasiri, alikuwa amekwisha kukaa angani zaidi ya saa tatu, naye yuko zaidi ya kilomita 150 mashariki ya mahali alipotakiwa kutua.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya jibu imo katika namna marubani wa ATA walivyofanya kazi. Waliruka bila bunduki na bila mawasiliano ya redio, wakitegemea ramani, dira na macho yao, kwa hiyo rubani alipaswa kuiona ardhi ili ajue alipo. Akishapanda juu ya mawingu, hana wa kumuuliza njia. Na akishuka ndani yake bila kujua kilicho chini, anaweza kugonga mlima au nyaya za maputo ya ulinzi yaliyofungwa juu ya miji. Linalobaki ni kuzunguka akitafuta upenyo hadi mafuta yanapokaribia kwisha, kisha aruke kwa parachuti akiomba awe juu ya nchi kavu. Inafaa kukumbuka pia kwamba meli za msafara ule zilikuwa na maputo yake, na rubani aliyeyaona kutoka juu angeweza kudhani kwamba chini yake kuna mji, kumbe ni bahari.

Maelezo hayo hayakuwaridhisha wote. Mwaka 1999 mzee mmoja aliyekuwa askari wa mizinga wakati wa vita alidai kwamba kikosi chake ndicho kilichoitungua ndege hiyo, baada ya rubani kuulizwa ishara ya utambulisho kwa redio na kujibu vibaya mara mbili, na kwamba waliamriwa wakae kimya. Dai hilo linavutia, lakini linakwama palepale kwenye redio, maana ndege za ATA zilisafirishwa bila kuitumia.

Kuna pia habari ya mtu wa pili. Luteni Kamanda Walter Fletcher, nahodha wa meli ya HMS Haslemere, alijitosa katika maji ya baridi kali, na baadhi ya walioshuhudia walisema kwamba alikuwa akikifuata kitu kilichofanana na mtu mwingine. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba Amy alikuwa amembeba abiria wa siri, pengine jasusi. Hakuna abiria aliyeandikwa katika safari hiyo na hakuna mtu mwingine aliyeripotiwa kupotea. Katika mawimbi yale, mkoba unaoelea ungeweza kabisa kudhaniwa kuwa kichwa cha mtu. Fletcher mwenyewe hakuweza kusimulia alichokiona, kwani alipotolewa majini alikuwa hajitambui, akafariki. Alitunukiwa Nishani ya Albert, ya ushujaa wa kuokoa maisha, baada ya kifo chake.

Kuhusu Amy, wapo wanaoamini kwamba hakuuawa na baridi, bali alivutwa chini ya meli ileile iliyokuja kumwokoa na kupigwa na rafadha zake, yaani mapanga yanayoisukuma meli, wakati mawimbi yalipokuwa yakiinua sehemu yake ya nyuma na kuishusha. Ni mwili tu ambao ungeweza kuthibitisha au kukanusha jambo hilo. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, Uingereza, pamoja na majina mengine zaidi ya 20,000 ya wanahewa wa vita hivyo ambao makaburi yao hayajulikani.