Je, wajua kwa nini nyuki wa asali hulipita ua la nyanya kama halioni?

Msimu mmoja nilizungushia tuta la nyanya alizeti na mrihani, nikauacha mrihani utoe maua, kisha nikasubiri. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: maua huita nyuki, nyuki huchavusha, nyanya huzaa. Nyuki wakaja kweli. Kila asubuhi mrihani ulivuma hadi ukipita kando yake unausikia. Nyanya nazo ziliendelea kuangusha maua, moja baada ya jingine, yakikatikia palepale penye kifundo cha kikonyo.

Basi nikachukua kigoda, nikakaa katikati ya mrihani na nyanya kwa karibu saa nzima. Nyuki wa asali walitoka mrihani kwenda alizeti, wakarudi mrihani. Mmoja tu alitua kwenye ua la nyanya. Alilizunguka mara moja, akaondoka kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kwamba mrihani unaiibia nyanya wageni wake, na nusura niung'oe. Wa pili niliutoa baada ya kusoma kwamba nyanya hujichavusha yenyewe: kumbe nyuki hawahitajiki kabisa, nimejisumbua bure. Huo wa pili ndio uliokaa nami muda mrefu, kwa sababu nusu yake ni kweli, na kosa lililochanganyika na ukweli ni gumu kulitoa kuliko kosa tupu.

Tuanze na hiyo nusu ya kweli. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua lilelile, na chavua yake, ule unga wa kiume, inaweza kuzitungisha ovyuli zake lenyewe, yaani vijiyai vinavyogeuka mbegu. Halihitaji mmea wa pili. Lakini kuweza kujitungisha ni jambo moja, na chavua kufika inakotakiwa ni jambo jingine. Chavua haina miguu. Chakula kinaweza kuwa jikoni na mlaji akawa sebuleni, nyumba ikiwa moja, na bado lazima mtu aibebe sahani.

Mbebaji wa kawaida nje ya nyumba ni upepo. Unautikisa mmea, chavua inadondoka, nyingine inaangukia stigma, ile ncha ya sehemu ya kike inayopokea chavua, tunda linafunga. Ndiyo maana mtu anaweza kulima nyanya miaka mingi asimwone nyuki hata mmoja kwenye ua lake, akavuna vizuri tu, na akaamini kwamba nyuki ni wa mimea mingine. Hajakosea kuhusu mavuno yake. Amekosea kuhusu anayeyafanyia kazi.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko ndani ya kitalu nyumba, mahali ambapo upepo hauingii. Huko nyanya zinazodaiwa kujichavusha huzaa matunda machache na madogo zisipotikiswa na mtu. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa vitalu vya Ulaya walipita mstari kwa mstari wakiwa na kifimbo cha umeme kinachotetema, wakigusa vichala vya maua mara kadhaa kwa wiki. Kisha mwaka 1985 daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, akatambua kwamba nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi Bombus wanaifanya kazi hiyohiyo, tena bila kuambiwa waanzie mstari upi. Kufikia 1987 walikuwa wameanza kufugwa na kuuzwa kibiashara kwa ajili ya nyanya. Wakulima wanaohesabu kila senti walikubali kununua nyuki kwa zao ambalo vitabu vilisema halihitaji nyuki.

Sasa, kama nyuki anasaidia, kwa nini wale wa asali walinipita?

Sababu ya kwanza ni fupi: ua la nyanya halina mbochi. Yale maji matamu ambayo nyuki wa asali huyageuza asali hayamo, hata tone. Kinachotolewa ni chavua peke yake, ambayo kwa nyuki ni chakula cha protini cha kulishia watoto. Na chavua yenyewe imefungiwa.

Hapa ndipo pananivutia. Kwenye maua mengi vifuko vya chavua hupasuka vikaacha unga wake wazi, na mdudu yeyote akipita anatoka amejipaka. Ua la nyanya limeviunganisha vifuko vyake vikawa koni moja ya manjano iliyouzunguka mrija wa kike. Nyufa za kutolea chavua ziko upande wa ndani, na njia ya kutokea ni kwenye ncha, ambayo mara nyingi inatazama chini. Ndugu yake biringanya ni mkali zaidi: kila kifuko chake kina vitundu viwili vidogo kileleni, basi.

Fikiria kikopo cha chumvi chenye matundu juu. Ukikishika kichwa chini bila kukitikisa, utapata punje mbili tatu. Ukikipapasa kwa nje hupati kitu. Kukikwaruza hakusaidii, kukilamba ndiyo kabisa. Kikopo kile kina lugha moja tu kinayoielewa, nayo ni mtikiso. Tena mtikiso wa polepole hutoa kidogo. Ukitaka chumvi imwagike, utikise kwa kasi, mara nyingi, kwa mwendo mfupi.

Nyuki anayejua kazi hii hutua kwenye koni, akaing'ata kwa meno yake ili ajishikize, akajikunja tumbo likaelekea kwenye ncha, kisha akaguruma. Sauti inabadilika ghafla, inapanda, na unga wa chavua unamrukia kifuani na tumboni. Nilidhani anapiga mabawa kwa nguvu zaidi. La hasha. Mabawa yamekunjwa mgongoni na karibu hayachezi.

Dereva yeyote ataelewa. Misuli ya kurukia ya nyuki ni injini iliyo ndani ya kifua, na mabawa ni magurudumu. Akiwa angani, injini inaendesha magurudumu. Akiwa juu ya ua, nyuki anakanyaga klachi: mabawa yanaachana na injini, halafu anakanyaga mafuta. Gari haliendi popote, lakini bodi nzima inatetemeka na kila kilichofungwa nayo kinatetemeka pia. Kwa sababu injini haisukumi tena hewa, inazunguka kwa kasi kuliko wakati wa kuruka, kwa nyuki wa Bombus takriban mitetemo 300 kwa sekunde. Kifua kinaitikisa koni, koni inairusha chavua huku na huku ndani yake, chavua inatokea tundu pekee lililopo. Nyingi inamwangukia nyuki. Nyingine inaishia kwenye stigma iliyo jirani, na hicho ndicho nyanya ilichokuwa ikikitaka muda wote.

Nyuki wa asali ana injini ileile. Ana hata klachi: wakati wa baridi huitetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa ili kupasha joto mzinga na watoto. Kifaa anacho, na matumizi mengine anayajua, ila hajulikani kukitumia kutikisa ua. Kwa nini, bado hakuna jibu moja lililokubaliwa. Akikosa malisho mengine anaweza kuja kuokota chavua iliyokwisha kudondoka au kuikamua koni kwa miguu, na ndani ya kitalu nyumba amewahi kusaidia kiasi. Lakini mbele yake kukiwa na mrihani uliojaa mbochi, ana sababu gani ya kuhangaika na kikopo kilichofungwa?

Wanaotikisa ni wengi kuliko nilivyodhani. Duniani kuna spishi zipatazo 20,000 za nyuki, na inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu wanaweza kazi hii: wale wanene wa Bombus, wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na nyuki wadogo wengi wanaoishi peke yao ardhini. Mimea inayodai mtikiso nayo ni zaidi ya spishi 20,000. Huko Australia bara, ambako nyuki wa Bombus hawaruhusiwi kuingizwa, watafiti waligeukia nyuki wa huko wenye mistari ya buluu, wa jenasi Amegilla, wakakuta hawa hawang'ati ua kama wenzao. Wanalipiga kwa kichwa, takriban mara 350 kwa sekunde. Nimeusoma mstari huo mara kadhaa na bado unanichekesha.

Kwa nini mmea ujifungie hivyo? Maelezo ya kawaida ni ya mwenye ghala. Chavua ni ghali kuitengeneza, na nyuki akiikuta wazi huibeba yote kwa safari moja kwenda kulisha wanawe. Ghala lenye dirisha dogo humgawia kila mteja kidogo, wateja wakawa wengi, na kila mmoja akaondoka na chembe za kudondosha kwenye ua lingine. Maelezo haya yanaingia akilini, ila yanasimama vizuri zaidi kwa nyanya mwitu za Amerika Kusini, ambazo nyingi haziwezi kujitungisha na stigma yake huchomoza nje ya koni. Nyanya ya bustanini imepitia mikono ya watu kwa karne nyingi, na aina nyingi za leo zimerudisha stigma ndani. Kwa hiyo kiasi cha msaada wa nyuki hutofautiana: aina yenye stigma iliyochomoza hufaidika zaidi, yenye stigma iliyojificha hutosheka kwa upepo mara nyingi.

Kutosheka huko kuna vipimo. Kila mbegu ndani ya nyanya ni ovyuli moja iliyofikiwa na chembe moja ya chavua, na mbegu zinazokua ndizo zinazochochea nyama ya tunda ikue. Chavua kidogo, mbegu chache, tunda dogo. Ndiyo maana tunda lililochavushwa vizuri huwa zito kuliko la jirani yake kwenye kichala hichohicho. Tahadhari moja: si kila ua linaloanguka limekosa mtikiso. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35 kwa siku kadhaa, chavua yenyewe huharibika, na hapo hata nyuki mia hawatasaidia. Hewa yenye unyevu mwingi nayo huigandisha chavua ndani ya koni.

Je, maua yangu ya pembeni yalikuwa kazi bure? Hapana, ila yalifanya kazi tofauti na niliyodhani. Nyuki anayetikisa nyanya anapata hapo protini bila kinywaji. Kuguruma kule kunachoma sukari nyingi, na sukari lazima aitafute kwingine. Mrihani na alizeti ni kituo chake cha mafuta. Bustani yenye nyanya tupu inamwalika fundi bila kumpa maji ya kunywa, na fundi atahamia penye vyote viwili.

Kwa hiyo chagua maua ya tabaka moja, yenye katikati iliyo wazi. Yale yaliyorundikana petali hadi katikati yamefunikwa hupendeza macho, lakini katika mengi stameni, sehemu za kiume zenye chavua, zimegeuzwa petali na mgeni hakuti kitu. Panda ya kupokezana, moja likiisha jingine lifunguke. Kisha acha kipande cha ardhi tupu bila matandazo, maana nyuki walio wengi huchimba viota ardhini, na acha kigogo kikavu kwa wale watoboa mbao. Je, mavuno yatapanda? Tafiti za kupanda maua kando ya mazao zimetoa majibu mchanganyiko: wageni huongezeka karibu kila mara, uzito wa kapu si kila mara.

Mboga nyingine zina tabia zake. Mchicha na sukuma wiki unazila kabla ya suala la ua kufika. Maharagwe hujimalizia yenyewe kwa kiasi kikubwa. Boga na tango ni kinyume kabisa cha nyanya: ua dume na ua jike ni mbalimbali, mbochi imo, la boga hufunga kabla ya jua kuwa kali, na nyuki wa asali anaiweza kazi hiyo vizuri sana. Huko ndiko wale wa mrihani wangu wangekuwa na faida, kama ningekuwa nimepanda maboga.

Ukiwa huna nyuki wala upepo, gusa kikonyo cha kichala kwa mgongo wa mswaki wa umeme kwa sekunde moja au mbili, katikati ya mchana wakati maua hayana unyevu. Shika karatasi nyeusi chini yake uone moshi wa manjano ukidondoka. Na ukitaka kujua kama nyuki wamekutangulia, tazama koni ya ua lililofunguka jana. Meno yao huacha michubuko ya kahawia pale walipojishikiza, na wakulima wa vitalu huihesabu michubuko hiyo kupima kazi ya nyuki wao. Nilipoanza kuitafuta kwenye tuta langu, msimu uliofuata, niliikuta karibu kwenye kila ua la tatu, na sijamwona bado aliyeiacha.