Kwa Nini Baadhi ya Ioni Chanya za Kaboni Hudumu na Nyingine Hutoweka

Wanafunzi wanaofika katika maabara yetu hapa Kisumu huwa wanajua kwamba kaboni hujenga bondi nne. Kinachowatatiza ni kaboni iliyobaki na bondi tatu, yenye elektroni sita badala ya nane katika mzingo wake wa nje, na kwa hiyo yenye chaji chanya. Ioni hiyo, ambayo wanakemia huiita kabokataioni, ni bapa: bondi zake zimeachana kwa nyuzi 120, na juu na chini yake pana nafasi tupu inayoweza kupokea elektroni mbili kutoka kwa molekuli iliyo karibu. Ndiyo maana nyingi hutoweka mara tu zinapoundwa, na ilibidi mwanakemia George Olah azihifadhi katika asidi kali kupindukia, miaka ya 1960, ndipo zichunguzwe vizuri. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1994.

Uthabiti wa kabokataioni hutegemea majirani wa kaboni yenye chaji. Kaboni iliyozungukwa na kaboni tatu husogezewa elektroni na makundi hayo, chaji ikapungua makali. Yenye jirani mmoja haipati msaada huo. Kulikariri hili bila kuliona hakumfai mwanafunzi. Ukitia alkoholi ya daraja la tatu, yaani ile ambayo kaboni inayobeba kundi la OH imeshikana na kaboni nyingine tatu, katika asidi hidrokloriki kali iliyochanganywa na kloridi ya zinki, kisha ukaitikisa neli, kioevu angavu hugeuka cha ukungu papo hapo, kwani ioni imeundwa kwa urahisi, ikanasa kloridi, na zao lake haliyeyuki humo. Alkoholi ya daraja la pili huchukua dakika kadhaa, ilhali ethanoli, ya daraja la kwanza, ile inayotengenezwa kwa molasi huko Muhoroni, hubaki angavu katika joto la chumba.

Zipo zinazodumu hata majini. Dawa ya zambarau iliyopakwa vinywani mwa watoto kwa miaka mingi, maarufu kama GV (gentian violet), ni chumvi ya ioni ya jamii hii. Kaboni yake ya kati imeshikana na pete tatu za benzini (mizunguko ya kaboni sita), kila moja ikiwa na naitrojeni inayochangia elektroni, hivyo chaji huenea katika ioni nzima, na mtawanyiko huohuo ndio unaoipa rangi. Ukiongeza hidroksidi ya sodiamu, rangi hufifia polepole, kwa kuwa hidroksidi imejiunga na kaboni ya kati na kuirudishia bondi ya nne. Mwalimu wa sekondari anaweza kulionyesha hili kwa matone machache yaliyozimuliwa sana, mradi kila mmoja avae glavu na miwani ya kinga.