Mwaridi Usiochanua Unadai Mkasi Kabla ya Mbolea

Mwaridi wenye vijiti virefu vitupu na ua moja moja kileleni hurundikiwa mbolea, na ndipo unapozidi kurefuka. Tatizo lake ni kwamba haujapogolewa. Miwaridi mingi inayochanua mara kwa mara hubeba ua kwenye ncha ya tawi jipya, kwa hiyo bila kukata tawi la zamani hupati jipya la maana. Aina za kale zinazochanua mara moja tu kwa mwaka ni kinyume chake: hubeba maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Hizo pogoa maua yakishakwisha, la sivyo unakata maua ya mwaka ujao.

Penye baridi kali, pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, macho ya shina, yaani vinundu ambapo chipukizi hutokea, yanapoanza kuvimba. Anza na matawi makavu. Tazama kiini cha tawi ulilokata: kikiwa cheupe au kijani hafifu, simama hapo, kikiwa cha kahawia, shuka chini zaidi. Kisha ondoa matawi yanayosuguana na yote yaliyo membamba kuliko penseli, maana tawi jembamba haliwezi kubeba ua zito. Bakiza matawi matatu hadi matano yenye nguvu, yaliyokaa mfano wa bakuli ili hewa ipite katikati, uyafupishe hadi sentimita 30 au 45. Utaona umebakiza vijiti tu. Usiogope, mwaridi wenye mizizi iliyoshika vizuri hurudi.

Kila tawi likate nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Ukikata juu sana, kisiki kinachobaki hukauka na ukavu ukashuka shinani. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe linakufa. Tumia mkasi mkali wa makali yanayopishana. Mkasi butu huponda tawi, na palipopondwa ndipo ukungu unapoingilia.

Ua likinyauka, usilinyofoe kichwa peke yake. Macho ya karibu na ua ni dhaifu, kwa hiyo shuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, ukate juu yake. Ua jingine hufuata baada ya wiki sita hadi nane hivi. Mwaridi mchanga katika mwaka wake wa kwanza mwachie majani mengi kadiri uwezavyo, kwa sababu ndiyo yanayolisha mizizi.

Mwaridi uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina lenye mizizi la mwaridi mwingine (shina mama), huweza kuchipua kutoka chini ya kiungo. Machipukizi hayo ni ya shina mama na yakiachwa humeza mmea wote. Wengi huyatambua kwa kuhesabu vijani saba, lakini hesabu hiyo hudanganya. Fukua udongo uone chipukizi linapotokea. Ling'oe kwa kulivuta, kwani ukilikata, macho yaliyobaki chini yake yatachipua tena.

Magonjwa mawili yasichanganywe. Madoa meusi, yale yenye kingo za kuchanika na jani kugeuka njano, huhitaji jani libaki na maji kwa takribani saa saba au zaidi. Ndiyo maana namwagilia shinani na asubuhi, naokota majani yaliyoanguka, na kuacha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea. Ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye machipukizi, hauhitaji jani lililolowa. Huushika mmea wenye mizizi mikavu mahali pasipopita hewa, kwa hiyo mwaga maji ya kutosha yafike chini, kisha weka matandazo ya sentimita tano hadi saba bila kugusa shina.

Mbolea sasa ina kazi, machipukizi mapya yakishatokeza. Isiwe na naitrojeni nyingi, maana hiyo huzaa machipukizi laini ambayo vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, huyavamia kabla hata tumba halijafumbuka.