Kikundi kazi cha maafisa ugani ni nini?

Asubuhi afisa ugani, mshauri wa wakulima na wafugaji, anaulizwa kwa nini majani ya mahindi yametoboka, mchana ng'ombe anaharisha, jioni mtu anataka kujua mbolea ipi inafaa udongo wake. Afisa ugani huenda amebobea katika moja tu ya hayo. Mengine anayajibu kwa uzoefu, na wakati mwingine, tuseme kweli, kwa kubahatisha.

Kikundi kazi kinaziba pengo hilo. Ni maafisa ugani wachache, aghalabu wa vituo na fani tofauti, wanaochukua tatizo moja kwa muda maalumu na kutoka na kitu cha kutumika: mwongozo, kipeperushi, mtaala wa shamba darasa (shamba ambamo wakulima hujifunza kwa vitendo), au matokeo ya majaribio. Kamati huamua na kusimamia. Kikundi kazi kinatengeneza. Wala si kundi la WhatsApp la kutumiana picha za wadudu na salamu za Ijumaa, ingawa vikundi kazi vingine huanzia humohumo.

Chukua kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu wa asili ya Amerika aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na katika miaka miwili hivi alikuwa ameenea karibu kusini yote ya Sahara. Afisa aliye peke yake angeweza kumdhania bungua wa mabua, mdudu mwingine anayetoboa mahindi. Mwenzake wa wadudu anamgeuza kiwavi kiganjani na kumwonyesha: usoni kuna alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Wa viuatilifu anaongeza kwamba kiwavi akishakua na kujichimbia moyoni mwa mhindi, dawa haimfikii vizuri, kwa hiyo shamba likaguliwe mapema. Mchumi naye anauliza swali ambalo wenzake wamelisahau: mavuno yatakayookolewa yatalipa gharama ya kupuliza? Kipeperushi kinachotoka hapo hakuna kati yao ambaye angekiandika peke yake.

Faida nyingine ni kauli moja. Mkulima akiambiwa hivi na afisa wa huku, na vile na afisa wa ng'ambo ya mto, hamwamini yeyote, na hapo huwezi kumlaumu.

Kwangu mimi, faida kubwa iko kwenye majaribio, na ndiyo isiyotajwa sana. Mbegu iliyofanya vizuri katika shamba moja msimu mmoja huenda ilibebwa na mvua tu. Ikipandwa katika vituo vinane kwa nafasi ileile na mbolea ileile, na vipimo vikachukuliwa kwa namna moja, angalau unajua inastawi wapi na inashindwa wapi. Afisa mmoja hana mashamba manane. Wanane wanayo, ilimradi wakubaliane fomu ya kujaza kabla ya kupanda, maana baada ya mavuno huwa mmoja amepima kwa magunia na mwingine kwa debe.

Wageni kazini nao wanajifunza kwa kukaa na wakongwe.

Kinachoua vikundi hivi mara nyingi ni mzigo kumwangukia mtu mmoja, yule anayejua kuandika. Anaandika rasimu, anakumbusha, anasahihisha, kisha jina lake halionekani popote kwenye kipeperushi. Kazi zigawanywe kwenye kikao cha kwanza, kila moja na tarehe yake, na majina ya waliofanya yaandikwe kwenye jalada.