Gari la taka linakuja siku gani?

Wiki iliyopita nimesikia tena, sijui kwa mara ya ngapi: "Tatizo letu ni tabia." Safari hii msemaji alikuwa jukwaani, fulana mpya bado ina mikunjo ya pakiti, glavu nyeupe mikononi. Hatua kumi nyuma yake kulikuwa na kizimba cha taka kilichofurika hadi kumwagikia barabarani. "Usafi unaanza na mimi na wewe," akasema. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kisha tukafanya kazi. Tulizibua mtaro, tukatoa tope, viroba, chupa, nepi, kiatu kimoja cha mtoto, tukavirundika vyote kandokando ya mtaro uleule. Picha zikapigwa. Nikamuuliza mratibu gari la kuzoa lile lundo linafika saa ngapi. Akanijibu kwa swali: "Gari?" Siku ya tatu mvua ikanyesha, na kila tulichokitoa kikarudi mtaroni, vyepesi vikitangulia.

Kazi yangu ni kupanga ruti za magari ya taka. Sina ugomvi na maneno "wajibu wa pamoja", ni maneno ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba yakishatamkwa jukwaani, hakuna anayeulizwa lolote tena. Ukisema wajibu ni wa wote bila kusema nani anafanya nini saa ngapi, umeshawasamehe wote.

Tupige hesabu kwanza, maana hili jambo ni la tani kabla halijawa la maadili. Chukua eneo la watu 20,000, kila mmoja anazalisha nusu kilo kwa siku. Hizo ni tani 10. Gari moja la tani 7 likienda tripu mbili linamaliza na nafasi inabaki. Sasa weka foleni kwenye mzani wa dampo, au barabara ya dampo igeuke tope, au pancha moja. Gari linaenda tripu moja. Tani 3 zimebaki. Kesho 3 nyingine. Kwa wiki ni tani 21, na hakuna mkazi hata mmoja aliyebadilika tabia. Hizo tani hazipotei hewani. Ziko mtaroni, au nyuma ya ukuta wa shule, au zinachomwa jioni mpaka mnafunga madirisha.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba miji ya nchi za kipato cha chini inazoa takribani asilimia 48 tu ya taka zake. Kwa hiyo unapomhubiria mkazi kuhusu zile zilizobaki, anza kwa kumwambia ulitaka azipeleke wapi.

Na hapa ndipo panaponikera kuliko pote. Watu wanadhani mwananchi anayetupa taka mtaroni ni mvivu au hajali. Wapo, nitawafikia. Lakini mwangalie mama mmoja ninayemfahamu vizuri. Gari lilipita kwake Jumanne saa nane. Wiki iliyofuata Alhamisi asubuhi. Wiki ya tatu halikupita. Kiroba kiko nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye joto; siku ya tatu kinanuka, siku ya tano kina funza. (Nzi wa kawaida, kwenye joto, anatoka yai hadi nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo sababu kwenye miji ya joto tunang'ang'ania kuzoa mara mbili kwa wiki. Hatubahatishi, tunashindana na nzi.) Mama anafanya jambo la busara kabisa: anamlipa kijana wa mkokoteni akatupe mbali. Kijana naye ana akili. Dampo liko kilomita 20, mkokoteni unasukumwa kwa mikono. "Mbali" yake ni pale kwenye daraja.

Sasa niambie nani hapo hana tabia nzuri. Mama ametoa pesa. Kijana amefanya kazi. Kilichokosekana ni siku ya gari inayojulikana, na mahali karibu ambapo mkokoteni ungekabidhi mzigo kwa gari kubwa. Makabidhiano, ndilo neno ninalotaka lichukue nafasi ya "tabia". Taka inapita mikono kadhaa: jikoni hadi kwenye kiroba, kiroba hadi kizimbani au mlangoni, hapo hadi garini, gari hadi dampo. Uchafu unaouona barabarani ni taka iliyoachwa na mkono mmoja kabla mkono mwingine haujaishika.

Nikisema hivi naambiwa, "Mbona Japani hawana hata mapipa barabarani na ni kusafi?" Huwa nausubiri huu mfano. Ni kweli, mapipa mengi ya vituo vya treni vya Tokyo yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarini mwaka 1995, na mtu anabeba taka yake mpaka nyumbani. Lakini anabeba akijua nini? Nyumbani kuna kalenda: siku ya taka za kuungua, siku ya plastiki, siku ya chupa na makopo. Kuna mahali maalumu pa kuweka mifuko, mara nyingi pana wavu wa kuifunika kunguru wasiichane, na majirani wanapokezana zamu ya kupasafisha. Na gari linakuja. Nidhamu ile imeegemea kalenda. Tunapenda kuiga nidhamu na kuiacha kalenda, kwa sababu kalenda inahitaji dizeli.

Jaribio la kinyume chake lipo pia. Februari 1968 wazoaji taka wa New York waligoma kwa siku tisa. Taka zilirundikana kwenye njia za watembea kwa miguu mpaka jiji likawa halitazamiki. Wakazi wa New York hawakupoteza maadili kwa siku tisa. Mgomo ulipoisha, maadili yakarudi yakiwa ndani ya magari ya taka. Na watu wakinitajia Kigali na Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Wanyarwanda ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nakubali kwa moyo wote, ila naomba wataje pia wafagiaji wa kila siku na kampuni zinazozoa nyumba kwa nyumba kwa ada. Siku moja kwa mwezi haiwezi kuzoa taka za siku 30.

Haya, upande wa pili, maana najua kuna anayesoma hapa akifurahi: "Ndiyo, nalipa kodi, waje wazoe." Wewe naye. Gari limekuja siku yake, limepiga honi, umelala. Saa tano unatoa kiroba na kukiacha kando ya barabara, mbwa wanakichana, halafu unapiga picha na kuandika "serikali iko wapi". Ada hulipi kwa sababu jirani halipi. Vipande vya chupa na nyembe umevifunga pamoja na maganda laini, na mtu anayezoa kwa mikono ndiye atakayevikuta. Yule anayemwaga kifusi cha ujenzi mtaroni usiku wala sitaki kumjadili. Huyo hakukosa gari, alikwepa kulilipa.

Kutenganisha taka nitakuandikia siku nyingine. Kwa leo jua tu kwamba ukimtaka mtu atumie ndoo mbili, kisha gari moja likazichanganya mbele ya macho yake, umemfundisha kuwa bidii yake ni upuuzi, na somo hilo halifutiki upesi. Magari ya kushindilia nayo, yale yanayobana taka kwa ndani: yalibuniwa kwa taka nyepesi zenye makaratasi na maboksi mengi. Ukiyalisha taka mbichi zinazooza yanakamua maji na kuyamwaga barabarani. Tunanunua tu kwa sababu yanapendeza kwenye uzinduzi.

Kuna mambo sina uhakika nayo, na wenzangu kwenye semina huwa hawayasemi. Faini niliziunga mkono miaka mingi. Siku hizi nasitasita, kwa sababu nilichokiona mara nyingi ni taka kuhama kutoka mchana kwenda usiku. Kuondoa vizimba na kuzoa mlango kwa mlango kumefanya kazi vizuri sehemu moja, na sehemu nyingine watu waliendelea kutupa palepale kizimba kilipokuwa, chini kabisa, kana kwamba bado wanakiona. Ada iwe kwenye ankara ya maji au idaiwe peke yake? Ukiidai peke yake, asiyelipa utamfanyaje? Ukiacha taka zake, nzi wake wanamfuata jirani aliyelipa.

Na kuna mtaa mmoja unaonivuruga nadharia yangu yote. Tulipeleka gari siku ileile, saa ileile, kwa miezi mingi, na kona moja iliendelea kuwa jalala. Hapo labda ni tabia kweli. Kuna utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008: watafiti walibandika vikaratasi kwenye baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ukiwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walivitupa chini. Ukuta ukiwa umechorwachorwa, asilimia 69. Uchafu unaita uchafu. Lakini hata mimi naona jinsi ninavyoupinda utafiti huo uniunge mkono: nani ausafishe ukuta kwanza? Najibu haraka kwamba ni jiji, kisha nakumbuka ile kona. Tuliisafisha mara nne.

Jana nimepigiwa simu. Wananialika Jumamosi ijayo kwenye mtaro uleule, nikatoe elimu ya usafi kwa wananchi, dakika kumi na tano. Nimewajibu kwa WhatsApp: gari mmeagiza, na linakuja saa ngapi? Alama mbili za bluu zimeshatokea.